Mguu wa Shangazi

Mhariri wetu aliomba makala kuhusu namna tulivyotumia likizo ya kiangazi. Wenzangu wataandika kuhusu harusi za Mombasa na fukwe za Zanzibar. Mimi likizo yangu niliitumia nikiutazama mguu wa kushoto wa shangazi yangu, katika chumba kimoja karibu na Tianxiu Dasha, mjini Guangzhou, China. Naandika kwa sababu nilijifunza mambo mawili: jinsi ya kuuguza mguu ulioteguka nyumbani, na jinsi ya kumwambia mkubwa wako kwamba amekosea. La pili ni gumu zaidi.

Kwa wale ambao hawajafika, Tianxiu ni jengo refu lililoko Barabara ya Huanshi ya Kati, wilaya ya Yuexiu, karibu na kituo cha Xiaobei cha treni ya chini ya ardhi. Neno "dasha" maana yake ni jengo kubwa. Ghorofa za chini ni maduka yaliyobanana: jinzi, viatu, nywele bandia, simu, vipodozi. Ghorofa za juu ni ofisi na makazi. Wafanyabiashara kutoka Afrika walianza kuja eneo hili kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo ukitembea mle ndani utasikia Kilingala, Kifaransa, Kiarabu, Kihausa, na Kiswahili cha aina tatu au nne. Mtu wa Bukavu anauliza bei, mtu wa Eastleigh anacheka, mtu wa Kariakoo anasema "punguza kidogo, bosi" kwa Mchina ambaye anaelewa kila neno.

Shangazi yangu ni wa Kariakoo. Anauza mikoba na nguo za watoto. Safari hii aliniomba nimfuate, nimsaidie kubeba na kuhesabu. Mimi nimezaliwa na kukulia Toronto, na Kiswahili changu, kama cha wengi katika chama chetu, ni cha jikoni: naweza kuagiza chai, kuomba msamaha, na kuelewa ninaposemwa.

Jioni ya Jumatatu

Ilikuwa siku yetu ya tatu. Tulikuwa tunarudi kutoka Guihuagang, kwenye masoko ya mikoba upande wa Sanyuanli, tukiwa na mfuko mkubwa wa sampuli. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Shangazi alikuwa anasoma ujumbe wa wakala wa mizigo kwenye simu, akashuka ukingo wa barabara bila kuuona. Mguu ukapinduka kwa ndani. Alikaa chini palepale kwenye maji, ameshika kifundo, hasemi kitu. Nilipomwinua akasema, "Simu imenitega."

Ujumbe ule ulisema kontena linafungwa Jumamosi. Shangazi alikuwa bado hajanunua hata nusu ya mzigo. Na pesa alizokuja nazo hazikuwa zake peke yake. Nyingine zilikuwa za wenzake wa kikoba, wanawake ambao kila mmoja alikuwa amempa hesabu yake na orodha yake. Kwa hiyo aliposema "kesho nitakuwa mzima", hakuwa anatabiri. Alikuwa anaomba.

Tulipofika chumbani akaniambia, "Nikande."

Mimi nilijua kukanda unga wa chapati tu. Akanieleza kwa uchovu: chemsha maji, tia chumvi, chovya taulo, kamua, kandika hapa panapouma, kisha chua kwa nguvu mpaka damu itembee. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilicheza mpira wa kikapu sekondari, na kila mara mtu alipoteguka mwalimu alikimbilia barafu. Nilijua maji ya moto usiku wa kwanza si sahihi. Nikasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, nadhani labda barafu..." Akaniangalia. "Udaktari umeanza lini?"

Nikakanda. Nikachua kwa nguvu, yeye akiuma shuka.

Asubuhi mguu ulikuwa umevimba kama andazi, na weusi ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vidole.

Bibi wa Mombasa

Dada mmoja Mkenya tuliyekuwa tunanunua kwake chapati alituletea mama mkwe wake, muuguzi mstaafu wa Mombasa aliyekuja kulea mjukuu. Aliingia, akasalimia, nikampa shikamoo, akaketi kitandani na kuuweka ule mguu mapajani mwake kama anayepokea mtoto.

Hakuanza na dawa. Alianza na maswali. "Ulipoanguka, uliweza kuukanyagia? Hatua ngapi?" Kisha akabonyeza kwa kidole gumba, taratibu, nyuma ya kile kifupa kinachotokeza upande wa nje wa kifundo, kuanzia ncha yake kupanda juu kama sentimita 6. Akafanya hivyo hivyo upande wa ndani. Akabonyeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, pale kwenye nundu ya mfupa unaokwenda kwenye kidole kidogo, na tena juu ya wayo upande wa ndani. Kila mara aliuliza, "Mfupa wauma, au nyama?" Mwisho akamwomba asimame na kutembea hatua 4. Shangazi alichechemea, lakini alizimaliza.

"Sioni dalili ya kuvunjika," alisema. "Ungeshindwa hizo hatua 4, jana na leo, au ungeruka nilipogusa mfupa, tungekwenda kupigwa picha sasa hivi."

Kisha akanigeukia mimi. "Na hizi kanuni zatoka kwenu Kanada." Ni kweli. Zinaitwa Kanuni za Ottawa za kifundo cha mguu. Zilichapishwa mwaka 1992 na daktari Ian Stiell na wenzake wa mji wa Ottawa, ili watu wasipigwe eksirei bure kwa kila mguu uliovimba. Nimeishi saa chache tu za basi kutoka Ottawa maisha yangu yote, nikaja kuzijua Xiaobei, kwa Kiswahili cha Mombasa.

Neno lenyewe

Kabla ya matibabu, tusimame kwenye neno, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Tunatega mtego. Tunautegua. Tunategua kitendawili, na tunategua chungu mekoni. Kiungo nacho kimetegwa mahali pake kama mtego, na kikitoka kwenye mpango wake tunasema kimeteguka. Ndiyo maana neno moja hutumika kwa mambo mawili: kano kuvutika au kuchanika, na mfupa kutoka kabisa kwenye tundu lake. La pili si la kutibiwa nyumbani. Kiungo kikiwa na umbo lisilo la kawaida, usijaribu kukirudisha. Kitulize kama kilivyo, uende hospitali.

Kano ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mguu ukipinduka kwa ndani, kama wa Shangazi, zinazoumia ni zile za upande wa nje. Msuli ni jambo jingine. Ukiinua robota la nguo na kiuno kikakukamata, huko si kuteguka; hapo msuli umevutika. Kwa mtaani yote huitwa "mshipa", na daktari akisikia "mshipa" atafikiria damu. Kwa hiyo ukienda hospitali Dar au Mombasa, onyesha kwa kidole.

Siku 3 za kwanza

Haya ndiyo aliyotufundisha yule bibi, nami baadaye niliyahakikisha chuoni.

Pumzisha. Usiukanyagie mguu kwa siku 1 mpaka 3, au ukanyagie kidogo tu kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kupumzika si kulala wiki nzima. Mguu uliofungiwa muda mrefu hukakamaa na kupoteza nguvu.

Barafu. Iweke kwenye kitambaa, usiiguse ngozi moja kwa moja, dakika 15 mpaka 20, kisha uondoe. Rudia kila baada ya saa 2 au 3 ukiwa macho. Mwenye kisukari au ganzi miguuni awe mwangalifu sana, maana anaweza kuungua kwa baridi bila kuhisi. Guangzhou barafu si rahisi kuipata kama nilivyodhani. Ukiomba maji mgahawani unaletewa ya moto, hata mwezi wa Julai, na wenyeji wengi wanaamini baridi ni adui wa mwili. Sisi tulinunua mfuko wa jiaozi zilizogandishwa, zile sambusa zao za kuchemsha. Zinakaa vizuri kwenye kifundo kuliko barafu yenyewe. Zikishayeyuka na kugandishwa tena mara nyingi, usizile.

Bandeji. Tumia ile inayovutika. Anzia karibu na vidole, panda kuelekea kwenye muundi, kaza kiasi. Kisha bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi ikichelewa kurudi, au vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, fungua na ufunge upya. Usiku ivue.

Inua. Mguu uwe juu ya usawa wa moyo. Kuukalisha kwenye kigoda hakutoshi. Lala, weka mito. Sisi hatukuwa na mito ya kutosha, tukatumia sampuli za mikoba.

Na katika siku hizo 2 au 3 za mwanzo, mambo manne usifanye: joto, pombe, kukimbia, na kuchua. Joto na kuchua huongeza damu mahali ambapo tayari inavuja ndani. Ndivyo nilivyouharibu mguu wa Shangazi usiku ule. Uvimbe ukishatulia, maji ya moto ya bibi zetu yana nafasi yake, hasa kwa misuli iliyokaza. Wazee hawakukosea dawa. Saa ndiyo iliyokosewa.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha kwa wengi. Ibuprofeni inasaidia pia, lakini wenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au mimba waulize kwanza.

Nikiri jambo moja: hata wataalamu hubadili mawazo. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani ndiye aliyeeneza mwaka 1978 kile kifupisho RICE, ambacho Wazungu hukikariri kama wali wao wa kila siku: pumzika, barafu, kaza, inua. Baadaye Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu na kupumzika sana vinaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya mwili kujijenga. Siku hizi barafu hutumika zaidi kutuliza maumivu, na mgonjwa huhimizwa kuanza kujongea mapema. Lakini hakuna aliyerudi nyuma na kusema kachueni usiku wa kwanza.

Lini usikae nyumbani

Nenda hospitali kama huwezi kutembea hatua 4. Kama mfupa unauma ukibonyezwa pale nilipotaja. Kama kiungo kimepinda. Kama ngozi imepasuka. Kama vidole vimekufa ganzi, vimepauka au ni baridi. Kama kuna homa, na eneo ni jekundu na la moto. Au kama baada ya siku chache hakuna nafuu yoyote. Watoto na wazee wapimwe mapema zaidi, kwa sababu mifupa yao huvunjika kwa urahisi mahali ambapo mtu mzima angeteguka tu.

Kwa kiuno: msuli uliovutika unauma, lakini hutulia siku hadi siku, na kutembeatembea kunasaidia kuliko kulala. Ila maumivu ya kiuno yakija pamoja na ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mguu kukosa nguvu, hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi.

Ukiwa Guangzhou, namba ya gari la wagonjwa ni 120. Idara ya mifupa huitwa "guke", dharura ni "jizhen". Duka la dawa ni "yaodian", na mara nyingi lina msalaba wa kijani. Bandeji ya kuvutika ni "tanli bengdai". Ukisahau yote, onyesha mguu na useme "niu shang", yaani umeteguka. Nilisema hivyo kwa lafudhi mbaya kabisa, na muuza dawa akaelewa kabla sijamaliza.

Mafuta mekundu na makopo mawili

Muuza dawa huyo alituuzia zaidi ya bandeji. Kusini mwa China wana jadi yao ya matibabu ya namna hii, inaitwa "dieda", maneno mawili yenye maana ya kuanguka na kupigwa. Waliokua wakitazama filamu za kung-fu kwenye kibanda umiza wanamjua Huang Feihong. Hakuwa mtu wa filamu tu. Aliishi kweli, alitoka Foshan, jirani na Guangzhou, alifundisha mapigano, na alikuwa na duka la dawa za dieda mjini Guangzhou liitwalo Baozhilin. Jambo la akili: anayefundisha watu kupigana lazima ajue kuwaunga.

Tulipewa Yunnan Baiyao ya kupuliza, ambayo huja na makopo mawili, jekundu na jeupe. Jekundu ni la maumivu makali na hupulizwa kwanza, jeupe hufuata baada ya dakika chache. Dawa ya asili yenye jina hilo ilibuniwa mwaka 1902 na Qu Huanzhang wa mkoa wa Yunnan. Tulipewa pia mafuta mekundu, "honghua you", yenye harufu ya kufanana na dawa za kuchua za nyumbani. Harufu ile ni ya methili salisilati, ndugu wa aspirini. Bibi wa Mombasa hakuzidharau dawa hizi wala hakuzisifu. Alisema: usipake kwenye kidonda, usipake kisha ukaweka joto juu yake, mjamzito asitumie, anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda au anayedhurika na aspirini asitumie. Na ukipaka, paka tu, usichue. Shangazi alipenda kopo jeupe. Alisema angalau linanukia kama tiba.

Damu ya mzee

Kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa, Shangazi alilala na mguu juu ya mikoba, nami nikawa miguu yake. Nilikwenda Guihuagang peke yangu na simu mkononi, yeye kwenye video. Hapo ndipo Kiswahili changu cha jikoni kilipopata jasho. Vuta bitana, nione mshono. Hiyo zipu ni ya chuma au plastiki? Ngozi bandia hiyo, ikunje, inabaki na alama? Halafu akasema, "Sasa niletee damu ya mzee."

Nikafikiri mguu umepasuka. Nilimuuliza mara tatu kama yuko salama. Alicheka mpaka simu ikamdondoka. Damu ya mzee, ndugu wasomaji, ni rangi. Ni nyekundu iliyokolea kuelekea weusi. Mkoba wa damu ya mzee unauzika sana Kariakoo.

Hatukupata vyote. Aina moja ya begi la shule tuliikosa, na wawili wa kikoba walirudishiwa pesa badala ya mzigo. Shangazi aliwapigia simu mwenyewe, mmoja mmoja, kabla kontena halijafungwa. Nilimsikia. Hakutaja mguu kwanza. Alitaja kiasi cha pesa kwanza.

Siku ya nne alianza mazoezi: kuandika alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu, polepole, mara kadhaa kwa siku. Aliniuliza kama Q na X ni lazima. Nikamwambia si za Kiswahili, aziruke. Ndani ya ndege alifunga bandeji, akaomba kiti cha pembeni, akawa anajongeza vidole na kusimama mara kwa mara, kwa sababu mguu ulioumia ukikaa bila kujongea safari ndefu damu inaweza kuganda.

Mguu ulioteguka kidogo hupata nafuu kubwa kwa wiki 2 hivi, lakini mambo mazito kama kukimbia yasubiri, wakati mwingine hadi wiki 8. Hatari iliyobaki ni kuteguka tena, kwa kuwa kano zilizovutika hazikumbuki vizuri mguu uko wapi. Dawa yake ni kusimama kwa mguu mmoja, sekunde 30 au zaidi, karibu na ukuta. Shangazi hufanya hivyo akipiga mswaki. Ananitumia sauti asubuhi za Dar, mdomo umejaa povu, akihesabu.

Na lile jambo la pili? Siku ya kuondoka nilimuuliza bibi wa Mombasa ningesema nini usiku ule wa Jumatatu. Akafikiri. "Mkubwa humwambii 'hapana'. Mwambie, 'Pole, Shangazi. Nitakukanda. Lakini naomba leo tuanze na barafu, na keshokutwa nitakukanda mpaka uchoke.' Wamnyimi kitu hapo. Wamwomba muda tu."

Sentensi hiyo nimeiandika ndani ya jalada la daftari langu la Kiswahili.